Gari Linalipwa Likisimama, Dereva Halipwi: Barua ya Wazi Kutoka Foleni ya Tunduma

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), wamiliki wa malori, wenye mizigo.

YAH: SIKU ZA KUSIMAMA ZISIZOLIPWA, NA YANAYOTUPATA MADEREVA WA MALORI KWA AJILI YAKE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Leseni yangu ni daraja E, na kwa miaka 17 nimekuwa nikitoka na mizigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, nikirudi na shaba. Barua hii naiandika nikiwa ndani ya kichwa cha gari hapa Mpemba, mkoani Songwe, kwenye foleni ya kwenda mpakani Tunduma. Leo ni siku ya nne. Mbele yangu ni malori mpaka macho yanapoishia, na nyuma yangu ni hivyo hivyo, yamelala upande mmoja wa barabara kurudi upande wa Vwawa.

Sikukurupuka kuja hadharani. Nilianza kwa tajiri wangu, yaani mwenye gari, kwa mdomo, kisha kwa maandishi. Nikaambiwa nikiona kazi ngumu niache funguo mezani, vijana wenye leseni wamejaa getini. Nikaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya kazi. Nikapangiwa tarehe, na tarehe ilipofika nilikuwa Kolwezi, Kongo. Nikaandika barua ya pili, nikaipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Miezi minane imepita na muhuri ule ndio jibu pekee nililopata. Sitaji jina la kampuni wala la ofisi, kwa sababu haya si ya tajiri mmoja wala afisa mmoja. Shuka hapa nilipo, gonga mlango wa gari la kumi mbele yangu, utasimuliwa maneno yale yale.

Jina langu nalo nimelihifadhi. Nina watoto shuleni, na dereva akishaitwa msumbufu, sifa hiyo hufika yadi zote kabla yake.

Naomba kwanza nieleze tunavyolipwa, maana nadhani hapa ndipo viongozi wetu wengi hawajafika. Dereva wa safari za nje ana mshahara mdogo wa mwezi, na wapo wasio nao kabisa, halafu ana posho ya safari. Posho hupigiwa hesabu ya siku. Kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000. Tajiri anakadiria siku za kwenda, za kushusha, za kupakia na za kurudi, anakupa fedha mkupuo, safari njema. Humo ndani mna chakula, maji ya kuoga, maegesho, mlinzi wa usiku, bodaboda wa kupeleka karatasi kwa wakala wa forodha, vocha, na hela ndogondogo zisizo na risiti. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka huu, unabadilisha shilingi kuwa kwacha; Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, unabadilisha kwacha kuwa faranga, na kila mkono wa mbadilishaji unamega kipande. Kinachobaki ndicho unachopeleka nyumbani. Hesabu hiyo yote imejengwa juu ya gari linalotembea. Siku ya kusimama haimo.

Hoja zangu ni hizi.

1. Siku ya kusimama ni siku ya kazi, na hailipwi

Mwezi wa tatu nilipewa posho ya siku 16. Nilirudi siku ya 37. Siku 5 za ziada zilikwenda Tunduma, 2 Nakonde, 6 Kasumbalesa, na 8 nikiwa getini kwa mteja nikisubiri zamu ya kushusha. Kwa siku hizo 21 sikulala kitandani, sikuacha gari hata kwenda msibani, na sikulipwa shilingi. Nilikopa kwa mama lishe wa Nakonde ambaye ananiamini kwa sababu namlipa kila nikirudi. Nilipiga simu ofisini mara nyingi. Jibu lilikuwa moja: posho umeshachukua.

Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kusimama ni kupumzika. Foleni inasogea saa nane usiku bila taarifa. Ukisinzia, gari la nyuma linakupita na ugomvi unaanza. Usiku wa Songwe una baridi kali, huwezi kuwasha injini kupata joto kwa sababu dizeli imepimwa. Wezi wa mafuta, wa betri, wa maturubai, wanaanza kazi giza likiingia. Lakiri ya kontena, yaani kufuli lake la muhuri, ikikutwa imekatwa, wa kwanza kuwekwa ndani ni wewe uliyekuwa umelala nalo. Choo ni cha kulipia au ni kichaka. Kwenye foleni hii kuna wazee wenye sukari wanaohesabu vidonge vilivyobaki.

Sasa, Waheshimiwa, lipo jambo ambalo naomba lisomwe taratibu. Mikataba mingi kati ya msafirishaji na mwenye mzigo ina kipengele cha demareji: gari likisimama kupita siku walizokubaliana, mwenye mzigo analipa kwa kila siku. Ni haki kabisa. Lori lina mkopo wa benki, lina bima, na likisimama linakula bila kuzalisha. Lakini kama siku ile ile, foleni ile ile, bati na matairi yana thamani ya kusubiri, mtu aliyekaa nyuma ya usukani anakosaje thamani hiyo? Nimewahi kutumwa nipige picha ya gari likiwa limesimama, tarehe ionekane, ili ofisi idai demareji. Nikapiga na kutuma. Jioni ile nilikula muhogo wa kuchoma.

Kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na marais wa nchi mbili, na sitaki kubeza, mwanzoni tuliona nafuu. Lakini mizigo ya bandari inaongezeka, mtandao unakatika, upande mmoja wa mpaka ukifanya kazi polepole upande wa pili unajaa. Foleni nayo ni hasara ya nchi nzima, ila mpaka leo inalipwa na mfuko wa mtu mmoja.

2. Kusimama kusikolipwa ndiko kunakoendesha magari usiku

Hili ndilo lililonifanya niandike, kuliko hata fedha.

Dereva aliyepoteza siku 21 na anadaiwa Nakonde ana njia moja ya kupona: kurudi haraka, apakie tena, apate posho mpya azibe pengo la ile iliyoisha. Kwa hiyo akivuka Tunduma kuelekea Dar hapumziki. Anapiga Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa kwa mkupuo mmoja, anashuka mlima Kitonga usiku, anapita Ruaha Mbuyuni macho yanawasha, anaingia Mikumi, kilomita 50 za hifadhi, tembo wanavuka. Ana shehena ya shaba nyuma. Wengine hutafuna mirungi, wengine hunywa vinywaji vya kuamsha mwili kopo kwa kopo. Mimi nilikuwa naosha uso kwa maji ya baridi na kufungua dirisha. Usiku mmoja karibu na Igawa nilizinduka nikiwa upande wa kulia wa barabara. Sikumbuki kilomita ngapi nilikuwa nimeendesha nikiwa usingizini. Kilichoniamsha ni honi ya basi.

Nalitaja basi hilo makusudi. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, na wananchi walifurahi. Tangu hapo barabara ile nyembamba ya TANZAM, njia moja kwenda na moja kurudi, usiku ina abiria waliolala na ina madereva wa malori wanaopigana na usingizi. Basi la safari ndefu linatakiwa liwe na madereva wawili wanaopokezana. Lori lenye uzito wa tani 56 lina dereva mmoja na utingo, na utingo siku hizi wengi wameondolewa kupunguza gharama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Sijawahi kukutana na dereva wa lori aliyehesabiwa saa. Hata hivyo gari langu lina kifaa cha kufuatilia mwendo, na ofisi inajua kila nukta niliyosimama na kila dakika niliyowasha injini. Nikisimama dakika kumi mahali pasipotarajiwa, simu inaita. Nikiendesha saa 16 mfululizo, simu haiiti.

Mteremko wa Iwambi pale Mbeya umeshazika watu wengi kiasi kwamba wenyeji hawahesabu tena. Kila ajali inapotokea taarifa husema breki zilifeli au mwendokasi wa dereva. Inawezekana. Naomba siku moja mchunguzi aulize swali jingine: dereva huyu alilala lini mara ya mwisho, na posho yake iliisha siku ya ngapi? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori moja la mafuta lilipinduka, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisemi dereva yule alichoka, sijui habari zake. Nasema nchi hii imeshaona kwa macho lori moja linaweza kufanya nini.

3. Mkataba

Sheria ile ile ya 2004 inataka mkataba wa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano uwe wa maandishi. Kazi yangu nusu yake iko Zambia na Kongo. Katika miaka 17 nimefanya kazi kwa matajiri wanne na nimepewa mkataba mmoja, wa kurasa mbili. Nilisaini nikiwa nimesimama, nakala sikupewa.

Mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, Aprili na tena Mei, na suala la mikataba lilikuwa mezani. Viongozi walitoka, wakazungumza, kamati ikaundwa. Mwaka 2022 malori yakasimama tena, na mikataba na posho zikatajwa tena. Maagizo yalitolewa. Wengine walipewa karatasi, na tulipozisoma tukakuta zinataja mshahara tu. Kuhusu siku za kusimama, kimya.

4. Makato

Kila kinachopotea barabarani kinamdondokea dereva. Mafuta yakipungua kwenye tangi, anakatwa. Tairi likipasuka, hata kama lilikuwa kuukuu lililobandikwa mpira mpya mara mbili, anakatwa. Turubai likichanika, anakatwa. Mfuko wa saruji ukilowa, anakatwa. Mwenzangu mmoja aligonga mnyama Mikumi alfajiri. Faini ya hifadhi ikakatwa kwake kwa miezi mpaka akaacha kazi bila kitu mkononi.

Mizani ya kupima uzito wa malori ina simulizi yake. Kutoka Dar tunapita Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, na ya mwisho hapa hapa Mpemba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza mwaka 2019, naiunga mkono kwa moyo wote, barabara ni yetu na sisi ndio tunaoteseka ikiharibika. Lakini kontena nalikuta limefungwa na lakiri. Sikulipakia, sikulipima, sina ruhusa ya kulifungua. Vigwaza linapita. Likishapanda Kitonga, mzigo ndani umesogea, ekseli moja imezidi, uzito wa jumla ukiwa vile vile. Gari linazuiwa. Ofisi inasema dereva hakuwa makini. Umakini wa aina gani unaoshikilia mzigo ndani ya sanduku la chuma lililofungwa?

Kifungu cha makato kwenye sheria yetu ya ajira kipo wazi: mwajiri hawezi kukata kwa sababu ya hasara mpaka kosa liwe la mfanyakazi kweli, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Sisi tunajua tumekatwa siku ya malipo.

Na hapa niseme ukweli unaotuuma. Wapo madereva wanaouza mafuta ya gari. Wapo wanaoshirikiana na wezi wa mizigo. Nawajua, na matajiri wanawajua. Siwatetei. Ila tusijifanye hatuoni kwamba mtu aliyeachwa siku 21 barabarani bila chakula, akiwa amekalia mamia ya lita za dizeli, amewekewa mtego na mtu aliyepiga hesabu.

5. Kuugua na kufa nje ya mipaka

Kasumbalesa na barabara za upande wa pili zina hatari ambazo sitaki kuzisimulia kwa urefu, familia za wenzetu zinasoma. Madereva wameporwa, wamepigwa, wameuawa. Tukifa, mara nyingi wanaochangia kurudisha mwili ni sisi wenyewe, kwa ujumbe wa simu unaozunguka kwenye makundi yetu: elfu tano, elfu kumi. Nimechangia misiba mingi kiasi hicho. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa na Sheria ya 2008 kwa ajili ya mtu anayeumia au kufa kazini, na mchango ni wa mwajiri peke yake. Lakini mjane atadai nini kama jina la mumewe halikuwahi kuandikishwa? Nimemsindikiza mmoja kwenye ofisi hizo. Hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba marehemu alikuwa na mwajiri. Picha tuliyokuwa nayo ni yeye amesimama mbele ya lori, akitabasamu.

6. Siku 30 za kulalamika

Hili ni fupi. Dereva akifukuzwa kazi kwa uonevu ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuna wanaofukuzwa kwa simu wakiwa Kolwezi, gari likiwa na mzigo, na wanaagizwa walirudishe kwanza. Akifika Dar zimebaki siku chache au zimekwisha. Kanuni inaruhusu kuomba kuongezewa muda, lakini nani amemweleza?

Waheshimiwa, majibu tutakayopewa nayajua, nimeyasikia yote.

Tutaambiwa kuna ushindani. Mizigo ya Kongo na Zambia ina njia nyingine: Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa Lobito kule Angola ambako reli inafufuliwa kwa fedha nyingi za wakubwa wa dunia. Tukipandisha gharama, mzigo utahama. Nami nasema mzigo unaoihama Dar es Salaam unahama kwa sababu ya siku zinazopotea njiani. Na dereva akilipwa siku ya kusimama, kwa mara ya kwanza kila mtu kwenye mnyororo huu atakuwa na sababu ya kuharakisha: tajiri atamsukuma wakala, wakala atamsukuma mteja, na ninyi mtasukumwa na wote kuhusu Tunduma. Sasa hivi foleni haimuumizi mtu isipokuwa sisi, na sisi hatuna simu ya kumpigia mtu.

Tutaambiwa foleni si kosa la mwajiri. Kweli, na wala si langu. Mvua ikinyesha fundi akashindwa kujenga, huenda akakosa siku. Lakini fundi anarudi kwake kulala. Mimi nimelindishwa mali ya mtu.

Tutaambiwa matajiri wengine ni wadogo, wana gari moja la mkopo, na mwenye mzigo anawalipa baada ya miezi, karatasi zikisharudi. Hili ni kweli na nawahurumia kwa dhati. Tajiri wangu wa kwanza alikuwa dereva kama mimi, akafilisika akisubiri malipo. Ndiyo maana barua hii nimepeleka nakala kwa wenye mizigo. Demareji na isubiriwe, lakini sehemu ya dereva itajwe humo tangu siku ya kupakia, ili msafirishaji mdogo asilazimike kuitoa mfukoni mwake.

Na tutaambiwa madereva wenyewe hawatulii, leo hapa kesho kule. Tupeni mkataba muone kama hatutulii.

Tunachoomba ni hiki.

Kanuni itungwe inayosema kila siku ambayo dereva wa lori amesimama mpakani, mizanini, bandarini au getini kwa mteja zaidi ya siku zilizokadiriwa kwenye posho, alipwe posho ya siku hiyo, kwa kiwango kisichopungua kile cha siku ya kutembea, na apelekewe akiwa huko huko njiani. Fedha za simu zimekuwepo nchini kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuna sababu ya kungoja mpaka arudi. Ushahidi wa kusimama upo tayari kwenye kifaa cha kufuatilia gari. Kinachomsaidia tajiri kudai demareji kimsaidie dereva kudai posho.

LATRA inatoa leseni ya usafirishaji wa mizigo kwa kila lori. Leseni isihuishwe mpaka mmiliki aonyeshe mkataba wa maandishi wa dereva wa gari lile, na uthibitisho kwamba ameandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Mfuko wa Fidia. Kuwatuma wakaguzi wa kazi kwenye yadi kumeshajaribiwa: siku ya ukaguzi yadi inakuwa haina madereva, wote tuko safarini. Leseni ya gari haiwezi kujificha.

Saa za kuendesha malori ziwekewe ukomo unaosimamiwa kweli, na anayeulizwa ukomo ukivukwa asiwe dereva peke yake, awe na yule aliyekuwa anaangalia gari kwenye kompyuta. Sambamba na hilo yajengwe maegesho ya kupumzika yenye ulinzi, choo na maji, walau moja kati ya Morogoro na Iringa, moja karibu na Makambako, na moja kabla ya Tunduma. Ukomo wa saa bila mahali salama pa kulala utakuwa njia nyingine ya kututoza faini.

Kwa madereva walio nje ya nchi, siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi zianze kuhesabiwa siku gari liliporudi yadi. Na ninaomba afisa mmoja wa kazi akae hapa Tunduma, ofisi yenye mlango wazi, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ambapo maelfu yetu tunakaa siku nyingi pamoja. Aje na fomu. Muda wa kuzijaza tunao.

Mgomo hatuutaki. Nimeshiriki wa 2015, najua ulivyowatesa abiria na jinsi tulivyorudi barabarani na ahadi. Tunaomba kikao, kabla bajeti ijayo haijapita, ambacho wakaaji wake ni ninyi, LATRA, wamiliki, wenye mizigo, na madereva wanaoendesha sasa hivi, waliochaguliwa na wenzao kwenye foleni hii. Kifanyike Tunduma. Mkija kwa gari kutoka Mbeya mtaiona hoja ya kwanza kabla hamjafika.

Injini ya mbele yangu imewaka. Inabidi nisogeze.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Dereva wa masafa marefu, leseni daraja E,
Mpemba, Songwe.